Kuweka Chipu Kwenye PS2 Iliyokwisha Kuguswa

PS2 (PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony) inayofika mezani kwa fundi wa Kigoma leo ni nadra kuwa haijawahi kufunguliwa. Uzalishaji wake ulisitishwa mwanzoni mwa 2013, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ina zaidi ya miaka 10. Imetoka nje ikiwa mtumba, ikapita Kariakoo, ikaja kwa treni au basi, ikachezeshwa kwenye banda la gemu Mwanga mpaka jicho, yaani lenzi ya kusomea diski, likachoka, ikauzwa Ujiji, ikafunguliwa na kufungwa kwa skrubu mbili badala ya zote. Humo ndani kuna mikono ya watu. Makala hii ni ya fundi redio, au kijana anayejifunza, aliyeletewa mashine ya namna hiyo na kuambiwa: "Niwekee chipu, fundi." Chipu hiyo ni kipande kinacholehemiwa kwenye bodi ili mashine ikubali diski za kanda nyingine na zilizochomwa nyumbani.

Michoro ya nyaya inayosambazwa kwenye simu huchukulia kwamba bodi iko kama ilivyotoka kiwandani. Ya mteja wako haiko hivyo. Na kiwanda nacho kilibadilisha bodi mara nyingi bila kubadilisha sura ya nje. Kazi nyingi za chipu zinazoharibika haziharibiwi na chipu. Fundi alifuata mchoro sahihi wa bodi nyingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika pasi ya kulehemu ikiwa bado ya baridi.

Kwanza uliza kama chipu inahitajika

Pindua mashine usome kibandiko cha chini. Namba inayoanza na SCPH ndiyo kabila la mashine. Tarakimu ya mwisho ni kanda: 1 ni Marekani, 4 ni bara la Ulaya, 3 ni Uingereza, 0 ni Japani. Tarakimu za mbele ni kizazi. Zile nene ni 30000, 39000, 50000 na jamaa zao. Nyembamba zilianza na 70000 mwaka 2004, zikafuata 75000, 77000, 79000 na mwisho 90000.

Karibu mashine zote hizi zinaweza kuwaka kwa programu iitwayo Free McBoot, inayokaa kwenye memori kadi ya MB 8. Hakuna kulehemu, hakuna kufungua. Unachomeka kadi, unawasha, menyu inatokea. Kadi lazima ikubali usimbaji wa MagicGate (kinga ya Sony ya kuzuia kunakili), na programu lazima iwekwe kwa kisakinishi chake juu ya kadi hiyohiyo. Ukinakili mafaili kutoka kadi moja kwenda nyingine hayatafanya kazi, kwa kuwa yamefungwa kwa utambulisho wa kadi ya kwanza. Vijana wengi hupoteza siku nzima hapo.

Zinazokataa ni baadhi ya 90000. Tazama neno DATE CODE kwenye kibandiko: tarakimu ni mwaka, herufi ni robo ya mwaka. 8A na 8B, yaani nusu ya kwanza ya 2008, zinakubali. 8C ni bahati, nyingine zinakubali na nyingine hazikubali. Kuanzia 8D mlango umefungwa kiwandani. Kwa hizo, tangu 2020 kuna FreeDVDBoot, inayoingia kupitia kicheza DVD cha mashine yenyewe: unachoma diski moja tu, na hiyo ndiyo ufunguo.

Kwa maoni yangu, mashine ambayo jicho lake limekufa au bodi yake imechanikachanika isiwekewe chipu kabisa. Ipe kadi, gemu zikae nje, kwenye flashi ya USB au kwenye kompyuta kupitia waya wa mtandao. Sehemu ya USB ya PS2 ni ya kizazi cha 1.1, inapitisha takriban MB 1 tu kwa sekunde, kwa hiyo video za katikati ya gemu hukwama. Gemu yenyewe mara nyingi huenda vizuri, mradi faili limekaa mfululizo kwenye flashi. Waya wa mtandao una kasi kubwa zaidi, na nyembamba zote zina tundu lake. Flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, hivyo gemu kubwa hugawanywa vipande kabla ya kupakiwa.

Chipu ina nafasi yake bado. Mteja mwenye diski halali za Marekani au Japani na mashine ya Ulaya anaihitaji, kwa sababu mashine hukataa diski ya kanda nyingine hata kama ililipiwa. Wapo pia wanaotaka diski ziendelee kuzunguka bila kadi, kwa sababu kadi huibwa. Lakini chipu si kibali cha kuuza kopi za kazi za watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazigusa programu za kompyuta pia, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Kusoma bodi

Kabla ya bisibisi, washa. Jaribu diski tatu: CD ya muziki, gemu halisi ya CD ambayo chini yake ni ya buluu, na gemu halisi ya DVD ambayo chini yake ni ya fedha. Ndani ya jicho kuna miale miwili tofauti, mmoja wa CD na mmoja wa DVD, na unaweza kufa mmoja ukabaki mwingine. Mashine isiyosoma diski halisi haitasoma chochote baada ya chipu. Chipu haifufui jicho, na mteja alijue hilo mapema, maana likitokea baadaye litaonekana kosa lako.

Fungua kwa bisibisi ya nyota. Skrubu za nyembamba zimejificha chini ya miguu ya mpira na vifuniko vidogo. Inua taratibu: fleksi (utepe wa nyaya) ya swichi ya kuwasha ni nyembamba kama karatasi na ikichanika mashine haiwaki. Piga picha kila hatua, hasa upande wa chini wa bodi.

Hapa Kigoma utakutana na mambo ambayo michoro haisemi. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi, kwa hiyo kutu yetu si kali kama ya Pwani, lakini unyevu wa Kibirizi na Bangwe ukichanganyika na vumbi jekundu na moshi wa mkaa wa jirani hufanya tope la kunata juu ya bodi. Mende hupenda kulala karibu na kipoozeo (bati la kupoza prosesa) kwa sababu kuna joto, na kinyesi chao hupitisha umeme. Osha kwanza kwa spiriti na mswaki laini. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji ndani yake: ukiitumia, acha bodi ikauke kabisa, saa kadhaa kwenye hewa yenye joto, ndipo uwashe. Isiwe asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, inakula plastiki za viungio.

Bodi ikiwa safi, tafuta maandishi yanayoanza na GH-. Hiyo ndiyo namba ya bodi, na ndiyo unayoitafutia mchoro. Usitegemee kibandiko cha nje peke yake. Mafundi hubadilishana makasha: mashine ya 77000 iliyopasuka kasha huvalishwa la 70000, na mchoro wa kibandiko ukawa wa mashine nyingine kabisa. Tofauti si ndogo. Kuanzia 75000 kiwanda kilibadilisha hata prosesa inayoshughulikia diski, kadi na pedi, na sehemu za kulehemu zikahama. Chipu nayo ina umri: ya kizazi cha zamani haizijui bodi zilizotengenezwa baada yake.

Kisha tafuta mikono ya waliotangulia. Risasi ya kulehemu inayong'aa kwenye vituo (madoa ya bodi yanayolehemiwa nyaya) ambavyo kiwanda hakikugusa. Mabaki ya gundi. Mstari wa shaba uliokatwa kwa wembe. Kipande cha waya kinachoishia hewani. Vituo vilivyong'oka, ambapo unaona kijani au buluu tupu mahali palipopaswa kuwa na doa la fedha. Tumia kioo cha kukuza, na taa ya pembeni badala ya juu, ili kivuli kionyeshe kilichoinuka.

Ukikuta chipu ya zamani, usikate umeme wake peke yake ukadhani umeizima. Chipu isiyo na umeme iliyobaki kwenye nyaya za data hunyonya mawimbi kupitia diodi zake za ndani, na mashine itawaka taa ya kijani huku skrini ikibaki nyeusi. Ama iondoe yote, ama iache ikiwa nzima. Kuiondoa: weka flaksi (dawa inayosaidia risasi kuyeyuka na kushika), gusa kituo kwa risasi mpya kidogo ili ya zamani ilainike, waya utoke wenyewe. Ukivuta kabla risasi haijayeyuka unang'oa kituo.

Sasa mita. Iweke kwenye alama ya diodi, waya mwekundu kwenye hasi ya bodi, mweusi uguse kituo kimoja kimoja utakachotumia. Nyaya nane za data za BIOS (chipu ya kiwandani yenye maelekezo ya kuamsha mashine) zinapaswa kutoa namba zinazokaribiana, kwa kawaida kati ya 0.4 na 0.7. Kimoja kikisoma karibu na sifuri, kimegusana na hasi. Kisiposoma kitu, njia imekatika. Viwili vikitoa namba ileile mpaka tarakimu ya mwisho, vijaribu kwa mlio kama vimeungana. Andika namba zote kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa baada ya kulehemu, kwa sababu utapima tena na kulinganisha.

Usisahau fyuzi. Ni vipande vidogo kama punje ya mchele, vimeandikwa PS na namba pembeni yake. Bodi iliyowahi kupigwa shoti na fundi wa kwanza mara nyingi ina fyuzi iliyokufa, na dalili yake ni pedi kutosikia au diski kutozunguka. Fyuzi nzima hutoa mlio kwenye mita. Iliyokufa ibadilishwe kwa fyuzi. Kuunganisha kwa tone la risasi kunaifanya bodi yenyewe iwe fyuzi.

Nyaya

Chipu ya PS2 hufanya mambo mawili. Inakaa kwenye njia za data za BIOS, na mashine inapoamka inatia maelekezo yake kati ya yale ya kiwandani. Pia inazungumza na upande unaosimamia diski, ule unaotafuta alama ambayo mashine ya kuchomea diski ya nyumbani haiwezi kuiandika. Ndiyo maana nyaya ni nyingi, mara nyingi zaidi ya 15: umeme wa volti 3.3, hasi, data, waya wa swichi ya kuwasha, waya wa kitufe cha kufungulia, na zile za upande wa diski.

Pasi iwe ya wati 25 hadi 30 yenye ncha nyembamba, au yenye kidhibiti ukiweka kati ya nyuzi 320 na 350. Risasi ya 60/40, unene wa milimita 0.5 hadi 0.7, yenye flaksi ndani. Bodi za kuanzia 2006 hivi zina risasi isiyo na madini ya risasi na huyeyuka kwa joto la juu zaidi, kwa hiyo zipake kwanza risasi yako ya 60/40 kwenye kituo, kisha ndipo uweke waya. Waya wa namba 30 wa AWG, wenye unene wa robo milimita, unatosha kwa data. Wa volti 3.3 na hasi uwe mnene zaidi kidogo. Nyaya za ndani ya kebo ya kompyuta zenye nyuzi nyingi hazifai: uzi mmoja hutoroka na kugusa jirani.

Fanya nyaya ziwe fupi, sentimita 5 hadi 8, na za data zilingane urefu. Waya mrefu hukusanya kelele, na mashine itawaka mara tatu kati ya tano, ugonjwa mbaya kuliko kufa kabisa kwa sababu mteja hataweza kuueleza. Kwenye nyembamba, pitisha nyaya mbali na kipoozeo na mbali na njia ya jicho. Zibane kwa teipu ya njano isiyoungua. Gundi ya moto hulainika joto linapopanda na nyaya zikaanza kutembea.

Lehemu hivi: flaksi kwenye kituo, risasi kidogo kwenye ncha ya waya, weka waya, gusa kwa pasi sekunde 1 hadi 2, ondoa. Kituo hakikushika? Acha kipoe, flaksi tena, jaribu tena. Pasi ikikaa sekunde 5 kituo kinaachana na bodi.

Kituo kilichong'oka tayari hakimalizi kazi. Fuata mstari wake wa shaba kwa kioo mpaka kwenye kitundu chake cha karibu, kwaruza rangi ya juu kwa ncha ya wembe mpaka shaba ionekane, eneo la milimita moja linatosha. Weka flaksi, paka risasi, lehemu waya wa shaba wenye vanishi, ule wa ndani ya mota ndogo. Baada ya kupima, funika kwa tone la rangi ya kucha na uiache ikauke: inashika waya na kuzuia unyevu. Mstari uliokatwa na fundi wa chipu ya zamani urudishwe kwa njia hiyohiyo, isipokuwa mchoro wa chipu yako mpya unataka ubaki umekatwa. Soma kabla ya kuunga.

Lehemu nyaya zote isipokuwa ule wa volti 3.3. Pima kila kituo tena kwa diodi, linganisha na karatasi. Namba itashuka kidogo kwa sababu ya chipu, lakini ikianguka ghafla kwenye kimoja tu, hapo kuna daraja la risasi. Pima pia kati ya 3.3 na hasi: mita isilie. Hapo ndipo uunge umeme.

Ikikataa

Taa nyekundu tu, kijani haiji: shoti kwenye umeme, au fleksi ya swichi haijakaa. Kijani ipo, skrini nyeusi: waya wa data umegusana na jirani, au viwili vimebadilishana. Anza na ulioulehemu ukiwa umechoka, yaani wa mwisho. Mashine inawaka vizuri lakini skrini nyekundu inatokea ikitaka diski ya PlayStation: upande wa diski hauna mawasiliano, au diski ni mbaya, au jicho linasoma kwa shida. Jaribu diski halisi. Ikisoma, tatizo liko kwenye diski uliyochoma au nyaya za upande ule. Diski ya DVD-R iliyochomwa kwa kasi ya 4x husomwa kwa urahisi zaidi kuliko ya bei rahisi iliyochomwa kwa 16x. Picha nyeusi na nyeupe inayoruka kwenye TV ya zamani ni gemu ya mfumo wa picha wa NTSC (wa Marekani na Japani) kwenye TV ya PAL (wa Ulaya), na hapo nyaya zako hazina kosa.

Vile vijiskrubu vidogo kwenye jicho vinavyoongeza nguvu ya mwale, viache. Ukiviongeza jicho husoma vizuri wiki mbili, kisha hufa moja kwa moja.

Za 70000 zinahitaji uangalifu wa pekee, hasa bodi ziitwazo V12. Diski isiyosomeka huifanya mashine isukume lenzi bila kukoma, na koili za lenzi au chipu inayoziendesha huungua. Mteja wa mashine hii aambiwe: diski ikikataa sekunde 20, zima. Kwenye nyembamba nyingi pia fleksi ya jicho huinuka na kuchora duara kwenye diski. Ilaze kwa kidole, ikunje upya mahali pake pa zamani, ibane kwa kipande cha teipu, kisha zungusha jicho mwanzo hadi mwisho kwa mkono uone haigusi juu.

Na umeme. Nyembamba za 70000 hadi 79000 hutumia adapta ya nje ya volti 8.5, ya mwanzo imeandikwa ampia 5.65. Adapta za bandia huandika hivyohivyo lakini hazitoi. Pima mota inapoanza kuzungusha diski: volti ikishuka chini ya 8, mashine itajizima katikati ya gemu na chipu ndiyo itakayolaumiwa. Vijijini kuelekea Mwandiga na kwingineko watu huendesha kwa sola. Betri ya volti 12 isiunganishwe moja kwa moja hata kwa dakika. Tumia kipunguza volti cha ampia 6 au zaidi, kiweke 8.5 kwa mita kabla ya kuchomeka. Nene za Marekani na Japani ni za volti 120 na 100; ukizichomeka ukutani bila transfoma, pawa yake inakufa papo hapo.

Kabla ya kufunga, weka krimu mpya ya joto kama ya zamani imekauka kuwa unga. Funga kwa skrubu zote. Iache icheze saa mbili ikiwa imefungwa hivyo, maana kasoro nyingi za waya hujitokeza joto likipanda. Ikipita, fungua kifuniko tena dakika moja, chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike upande wa ndani: namba ya GH- ya bodi, jina la chipu, tarehe, kituo ulichokihamisha, mstari uliokatwa na ulioungwa. Fundi atakayeifungua baada yako ataanzia hapo.